Kamera Ikodi, Kompyuta Inunue

Kijana anayetaka kutengeneza filamu akinijia kuuliza anunue kamera gani, nami humuuliza: ukishapiga picha zako, utazihariri wapi? Mara nyingi mazungumzo husimama hapo. Kamera ameshaijua kwa jina na namba, ameitazama YouTube usiku na mchana, na bei yake Kariakoo anayo kichwani. Kompyuta hajaifikiria. Kuhariri, au kuediti kama tunavyosema mtaani, ni kukata, kupanga na kuunganisha vipande vya picha na sauti mpaka viwe hadithi. Asiye na pa kufanyia kazi hiyo ana kadi zilizojaa picha tu, filamu hana.

Ushauri wangu, na wapo wenzangu kwenye fani wasioukubali, ni kwamba fedha ya kwanza iende kwenye kompyuta, diski na sauti. Kamera ikodi. Filamu fupi ya dakika kumi na tano hupigwa kwa siku tatu au nne, lakini kuihariri kunaweza kula miezi. Kamera ya kukodi kwa siku inapatikana kwa wapiga picha wa harusi karibu kila mji mkubwa, tena mara nyingi inakuja na mwenyewe anayeijua. Kompyuta ya kuhariria hakuna atakayekuachia mwezi mzima.

Lipo na jambo la pili: teknolojia ya kamera haitulii. Tepu ndogo za dijitali zinazoitwa MiniDV ziliingia sokoni mwaka 1995, na kwa kamera ndogo za namna hiyo Wadenmark walitengeneza filamu ya "Festen" mwaka 1998. Mwaka 2008 Canon ikatoa 5D Mark II, kamera ya picha za mnato iliyoweza pia kurekodi video ya HD kamili, na wapiga video dunia nzima wakaanza kuzitupa kamera za tepu. Mwaka 2015 mwongozaji Sean Baker akaonyesha "Tangerine", iliyopigwa kwa simu ya iPhone 5s. Mwaka 2023 ikaja "The Creator", filamu iliyogharimu takriban dola milioni 80, lakini kamera yake kuu ilikuwa Sony FX3, ambayo dukani ilikuwa ikiuzwa kama dola 4,000. Kila hatua hapo iliacha nyuma watu waliokuwa wametoka tu kununua kamera ya hatua iliyotangulia.

Upande wa kuhariri mambo huenda taratibu zaidi. "Parasite" ya Korea Kusini, iliyochukua Oscar ya filamu bora, ilihaririwa kwa Final Cut Pro 7, programu ambayo Apple waliacha kuiuza mwaka 2011. Filamu yenyewe ilitoka 2019. Mhariri alikuwa na chombo anachokijua, hakuona haja ya kukibadilisha.

Basi kompyuta iweje?

Anza na RAM, yaani kumbukumbu ya kazi. Hiyo ni meza ya fundi cherehani: kitambaa kikiwa kikubwa na meza ndogo, fundi atashinda akikunja na kukunjua badala ya kushona. Kwa video usishuke chini ya gigabaiti 16. Nane zitafungua programu, lakini utakuwa ukisubiri kila unapokata kipande. Ukikuta kompyuta nzuri yenye nane, muulize muuzaji kama inaongezeka. Nyingi za Windows zina nafasi ya pili ndani. Kompyuta za Apple zenye prosesa za M1 na kuendelea, zilizoanza kutoka Novemba 2020, zinahariri vizuri sana hata kwa kumbukumbu ndogo, ila haziongezeki: uliyonunua ndiyo hiyo hiyo mpaka mwisho.

Prosesa ni ubongo wa mashine, na hapa ndipo wanunuzi wengi wa mitumba wanapopigwa. Kibandiko cha i7 kinawavutia, wanaamini wamepata kubwa kuliko i5. Usiishie kwenye kibandiko, soma namba inayofuata. i7-3520M ni ya kizazi cha tatu, hiyo 3 ya mwanzo ndiyo inayokwambia, na ina viini viwili tu vya kufanyia kazi. i5-8250U ni ya kizazi cha nane na ina viini vinne. Ya pili itaiacha ya kwanza mbali, ingawa kibandiko chake ni cha "chini". Kwa mashine za Intel usishuke chini ya kizazi cha nane kwa sababu nyingine pia: Windows 11 inakitaka kizazi hicho au cha juu zaidi, na Microsoft waliacha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Kisha tazama kadi ya picha. Kompyuta yenye kadi yake ya pekee, yenye gigabaiti 4 au zaidi za kwake mwenyewe, itakupunguzia mateso hasa ukifika kwenye kurekebisha rangi. Diski ya ndani iwe SSD. Diski ya zamani inayozunguka husoma megabaiti mia na kitu kwa sekunde, SSD ya kawaida hufika mia tano, na za kisasa huzidi hapo mara kadhaa.

Laptopu au ya mezani? Kwa fedha ileile, ya mezani hukupa nguvu zaidi, na inafunguka: leo unaongeza RAM, mwakani kadi ya picha. Mitumba ya mezani iliyotoka maofisini ndiyo ninayowapendekezea wanaoanza, mradi ununue na UPS, lile boksi la betri linalokupa dakika chache za kuhifadhi kazi umeme ukikatika. Kama unahamahama au umeme wa kwenu haueleweki, chukua laptopu.

Ukiwa dukani usione haya. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya utendaji, utaona RAM, prosesa na aina ya diski kama mashine inavyojitambulisha yenyewe, si kama muuzaji anavyosema. Nenda na flashi yenye video ya 4K, inakili kwenye mashine, icheze, iruke mbele, irudishe nyuma. Chomoa chaja uone betri inashuka kwa kasi gani. Sikiliza feni. Kaa hapo nusu saa, muuzaji akinuna mwache anune. Mwisho dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na dhamana iliyoandikwa, maana dhamana ya mdomo huisha ukishavuka barabara.

Programu ya kuhariri ni shilingi ngapi?

Inaweza kuwa bure. DaVinci Resolve ya kampuni ya Blackmagic Design, inayotumika pia kupaka rangi filamu kubwa za Marekani, ina toleo lisilolipiwa ambalo halibandiki nembo wala halina siku ya kuisha. Linatoa video mpaka ya 4K ya kawaida, pikseli 3840 kwa 2160. Toleo la kulipia ni dola 295 mara moja. Tahadhari moja: kamera nyingi mpya zinaweza kurekodi kwa biti 10, yaani kwa ngazi nyingi zaidi za rangi, na toleo la bure kwenye Windows linaweza kugoma kufungua baadhi ya video hizo. Kabla ya kupiga filamu nzima, piga sekunde kumi, zipeleke kwenye kompyuta, uone kama zinafunguka.

Adobe Premiere ni nzuri, lakini unailipia kila mwezi, na mwezi usipolipa kazi inasimama. Mashine yako ikiwa dhaifu, jaribu Kdenlive au Shotcut, zote za bure. Programu zilizovunjwa zinazouzwa kwenye flashi mitaani ziache. Mara nyingi huja na virusi, na virusi vikiingia kwenye diski yenye picha za mteja, hasara ni yako.

Kompyuta ikikwama kwenye 4K usikimbilie kununua nyingine. Tengeneza nakala nyepesi, ambazo wahariri huziita proksi. Programu inatoa nakala ndogo ya kila kipande, unakata kwa kutumia hizo ndogo, na ukimaliza yenyewe inarudisha zile kubwa halisi kwenye filamu ya mwisho. Kwenye Resolve unachagua vipande vyote, unabofya kitufe cha kulia cha kipanya, unachagua kutengeneza proksi, kisha unaenda kulala. Asubuhi mashine iliyokuwa ikigugumia inateleza. Wengi wanaouza kompyuta zao kwa hasara walihitaji hatua hii tu.

Je, 4K yenyewe ni lazima?

Jiulize filamu itatazamwa wapi. HD kamili ni pikseli 1920 kwa 1080. Kiwango cha 2K ambacho kumbi nyingi za sinema hutumia ni pikseli 2048 kwa 1080, kinazidi kwa unywele tu. Kwenye simu tofauti kati ya HD na 4K ni ngumu kuiona. Faida ya 4K ni kwamba unaweza kuivuta picha karibu wakati wa kuhariri bila kuiharibu, na pia baadhi ya wanunuzi wakubwa wa kimataifa huidai. Gharama yake ni nafasi. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kwa saa. Ukirekodi saa sita kwa filamu fupi, hizo ni gigabaiti 270, na hiyo ni nakala moja tu.

Nakala moja haitoshi. Weka tatu: mbili kwenye diski mbili tofauti, ya tatu nje ya nyumba unapofanyia kazi, hata kwa dada yako. Mwizi akiingia au bomba la maji likipasuka, huchukua vyote vilivyo chumba kimoja. Kadi ya kamera isifutwe mpaka vilivyomo viwe vimeshakaa mahali pawili na umevifungua kwa macho yako ukaona vinacheza. Kwenye seti yangu kadi iliyojaa inawekwa kipande cha plasta nyekundu, na plasta hiyo huondolewa na mtu mmoja tu, yule mwenye kazi ya kunakili. Mpiga picha haruhusiwi.

Kadi zenyewe nunua kwa hadhari. Tafuta alama ya V30, inayomaanisha inaandika angalau megabaiti 30 kila sekunde. Hiyo inatosha kwa kamera nyingi. Kadi bandia zimejaa: nje imeandikwa 128, ndani ni 16, na kamera haitambui mpaka nafasi halisi iishe na picha zianze kupotea. Ipo programu ndogo ya bure ya Windows inayoitwa H2testw. Huijaza kadi yote kisha huisoma upya, na inakwambia ukubwa wake halisi. Kadi kubwa huchukua zaidi ya saa nzima, kwa hiyo mwambie muuzaji kabla ya kutoa fedha: "Bosi, naipima leo jioni. Ikipungua naileta kesho, sawa?" Wa kweli atakubali. Akianza kuzungukazunguka, nenda duka la pili.

Sasa kamera.

Unapokodi, fika siku moja kabla. Kubalianeni kwa maandishi bei ya siku, siku inaanza saa ngapi na kuisha saa ngapi, betri ngapi, kadi ngapi, na ikianguka nani analipa nini. Piga video kwa simu yako ukiizungusha kamera mbele ya mwenyewe, ukionyesha mikwaruzo iliyopo. Kisha elekeza kamera kwenye ukuta mweupe, funga tundu la lenzi mpaka f/16, piga picha na uikuze. Madoa meusi yasiyohama ni vumbi kwenye kihisi, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Washa tochi ya simu, imulike lenzi kwa upande mmoja huku ukichungulia upande wa pili. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Sisi wa pwani, Tanga mpaka Mombasa na Unguja, tunaijua: unyevu wa bahari huila lenzi ikikaa kwenye begi miezi. Lenzi zihifadhiwe kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Kabla ya kurekodi, ingia kwenye menyu na uchague PAL, fremu 25 kwa sekunde, na kasi ya shata 1/50. Umeme wetu Afrika Mashariki unapiga mizunguko 50 kwa sekunde. Kamera iliyowekwa kwa mfumo wa NTSC, wa Marekani na Japani, inarekodi fremu 30, na chini ya taa za ofisini au madukani inaweza kuonyesha mistari inayopanda na kushuka ambayo kuiondoa wakati wa kuhariri ni adhabu. Funga pia rangi ya mwanga, usiiache kamera ijiamulie, la sivyo uso wa mhusika utakuwa wa njano huku na wa buluu kule ndani ya tukio moja.

Kama kukodi kumeshindikana, tumia simu uliyonayo. Blackmagic Camera ni programu ya bure kwa iPhone na kwa baadhi ya Android, nayo inakuruhusu kufunga mwanga, fokasi na kasi ya shata kama kwenye kamera kubwa. Futa kioo cha lenzi kwa kitambaa safi, weka simu kwenye hali ya ndege ili mjomba asipige katikati ya tukio, iweke kwenye stendi. Piga mchana karibu na dirisha. Utashangaa.

Sauti usiifanyie ubahili. Mtazamaji anavumilia picha yenye chenga, lakini maneno asipoyasikia anaondoka. Maiki ndogo ya kubana kwenye nguo na kirekodi kidogo vinatosha kuanzia, na hata miaka kumi baadaye vitakuwa vinafanya kazi, jambo ambalo huwezi kuliahidi kwa kamera. Vaa hedifoni muda wote wa kurekodi. Zima feni. Zima friji pia, na uweke funguo za gari au za nyumba ndani yake, ili usiweze kuondoka ukaisahau imezimwa na nyama za watu ziharibike. Mkimaliza kila chumba, wote wanyamaze, rekodi nusu dakika ya ukimya wa mahali hapo. Mhariri ataihitaji kuziba nyufa kati ya maneno.

Tuseme una shilingi milioni 3 za Tanzania. Ningezigawa hivi: milioni 1.4 kompyuta, laki 4 diski mbili za nje, laki tatu na nusu sauti, laki mbili na nusu stendi na taa. Laki 6 zinazobaki ni za kukodi kamera siku chache, nauli na chakula. Bei hupanda na kushuka na dola, kwa hiyo chukua uwiano zaidi kuliko namba. Na chakula usikifute kwenye bajeti hata kidogo, watu wanaokufanyia kazi kwa kujitolea lazima wale.

Kuna mambo mapya watu wanaulizia sana, hasa akili mnemba. Inayokufaa leo ni ile ya kuandika maneno kutoka kwenye sauti. Whisper, iliyotolewa bure na OpenAI mwaka 2022, inakielewa Kiswahili kwa kiasi, hivyo inaweza kukupunguzia kazi ya maandishi ya chini ya picha. Majina ya watu na lafudhi za mitaani inaziharibu vibaya, kwa hiyo pitia kila mstari. Kutumia sura au sauti ya msanii kutengenezea tukio ambalo hakulicheza, usifanye bila ridhaa yake ya maandishi.

Kibali nacho kinaulizwa. Tanzania Bara, kazi za filamu zinasimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Wasiliana nao kabla ya kupiga, uulize ada ya kazi ya ukubwa wako, na tena kabla ya kuionyesha hadharani. Kenya, uainishaji wa filamu ni kazi ya bodi yao ya KFCB. Droni ina mlango wake: kwa Tanzania inasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Lini basi ununue kamera yako? Weka daftari. Kila unapokodi, andika kiasi ulicholipa na kazi ilikuwa ipi. Jumla ya mwaka ikifika nusu ya bei ya kamera ileile iliyotumika, na ukawa umeizoea mkononi, nunua. Anza na lenzi nzuri, kwa kuwa lenzi utahama nayo kutoka kamera moja hadi nyingine za mfumo huo. Ukinunua iliyotumika, angalia menyu ina Kiingereza: Sony nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina Kijapani tu na hazibadiliki. Boksi, risiti na chaja yake ya asili vitunze, kwa sababu siku ya kuiuza mnunuzi ataanza kwa kuviulizia hivyo.